Kitambaa Ambacho Hakikuoga

Usiandike namba ambayo hukuipima. Maneno hayo yalibandikwa ukutani juu ya beseni, katika chumba cha majaribio cha idara ya mavazi na nguo, chuo kikuu alikosomea Abigael. Kila mwanafunzi aliyasoma kila aliponawa mikono. Abigael aliishika kanuni hiyo kwa miaka mitatu. Aliivunja mara moja tu, Jumatano moja ya Agosti, saa nane mchana, kwa kalamu ya bluu, na hakuna mtu aliyemlazimisha.

Hakuwa mvivu, wala hakuwa na tabia ya uongo. Wengi wetu hufikiri uongo ni kazi ya watu wa aina fulani, watu wa mbali, wasiokwenda kanisani. Abigael alikwenda kanisani tangu akiwa mgongoni mwa mama yake, na alijua kuomba msamaha kabla ya kujua kusoma. Tena kanuni ile haikuwa ngeni kwake. Alikuwa ameisikia nyumbani miaka mingi kabla ya kuiona ukutani, ila kwa maneno mengine.

Mama yake, Bathsheba, ni fundi wa nguo pale Keumbu, katika kibanda cha mabati kinachotazama barabara ya Kisii. Ana cherehani moja ya kukanyaga kwa miguu, meza moja ya kukatia, na karai kubwa la bluu. Karai hilo ndilo lililomfanya ajulikane. Mteja akileta kitambaa, Bathsheba hakigusi kwa mkasi. Anakitumbukiza majini, anakiacha kilowe, anakikamua, anakianika kwenye waya nyuma ya kibanda, na kumwambia mteja arudi baada ya siku mbili.

"Kitambaa lazima kioge kwanza," husema. "Kimetoka kiwandani kimevutwa kama mtu aliyesimamishwa wima siku nzima. Acha kipumzike, kirudi urefu wake. La sivyo kitarudi kikiwa mwilini mwako, na hapo utanitafuta."

Wateja wenye haraka walikwenda kwa mafundi wengine, naye aliwaacha waende. Alipendelea kumpoteza mteja leo kuliko kukutana naye sokoni mwezi ujao akiwa amevaa gauni lililopanda. Abigael alikulia chini ya meza ile, akiokota vipande. Alipofika darasa la saba alianza kwenda Daraja Mbili siku za soko, kwenye marobota ya mitumba, kutafuta makoti yaliyochakaa ambayo hakuna aliyeyataka. Hakuyavaa. Aliyafumua mshono kwa mshono aone ndani mna nini: mkono ulivyoingizwa begani, kola ilivyosimama, mfuko ulivyofichwa. Kisha aliyashona upya. Baba yake, mzee Nyamweya, mkulima wa majani chai asiye na maneno mengi, alimwona siku moja akilifumua koti la kizungu kwa wembe na kusema, "Huyu hatachuma chai."

Barua ya chuo kikuu ilipokuja, kijiji kizima kilitaka kujua anakwenda kusomea nini. Gladys, mwalimu wa kwaya ya kanisa lao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kufika mto wa pili, ndiye aliyeuliza kwa sauti.

"Kushona? Miaka minne, kushona? Abigael, mwanangu, mama yako alisomea wapi? Si pale pale kwa hilo karai?"

Watu walicheka. Abigael naye alicheka. Bathsheba hakucheka. "Anakwenda kujua kwa nini," alisema. "Mimi najua hivi, lakini sijui kwa nini."

Na kweli Abigael alikwenda akajua kwa nini. Alijifunza nyuzi zinavyosokotwa, rangi inavyoshika, kitambaa kinavyofumwa na kinavyochakaa. Katika mwaka wa pili aliwekewa mbele yake kipande cha kitambaa, rula na kalamu isiyofutika. Aliambiwa achore mraba wa sentimita hamsini kila upande, akifue, akikaushe, aupime tena mraba ule, kisha aandike umepungua kwa asilimia ngapi. Alisimama akiutazama mraba uliokuwa mdogo kuliko alivyouchora, akafurahi kama mtu aliyekuta jina la mama yake limeandikwa kitabuni. Lile karai la bluu lilikuwa sayansi. Kitambaa cha siku ile kilikuwa kimepungua kwa asilimia mbili. Namba hiyo ilimkaa kichwani. Ikumbukwe, kwa sababu ndiyo iliyomponza.

Katika likizo ndefu kabla ya mwaka wa nne, kila mwanafunzi alipewa mradi wa mwisho: atafute wateja wa kweli, awashonee nguo zisizopungua kumi na mbili, na aandike kila hatua. Kabla ya kukata alitakiwa kupima kitambaa, ajaze fomu ya vipimo, aitie sahihi na kuituma chuoni. Septemba kila mmoja angesimama na kazi yake mbele ya walimu na wageni kutoka viwandani. Mwaka huo ilijulikana kwamba kiwanda kimoja cha nguo cha Athi River kilitaka wahitimu wawili wa idara ya ubora, mahali ambapo nguo hupimwa, hufuliwa na kuvutwa kabla hazijasafirishwa ng'ambo. Abigael aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu kingine chochote. Hakuota majukwaa wala wanamitindo. Aliota chumba chenye mashine za kupimia, koti jeupe, na jina lake mlangoni.

Wateja hakuwatafuta mbali. Kwaya ya Gladys ilikuwa na wanawake kumi na wanane, na makambi ya Agosti yalikuwa yanakuja. Kwa Wasabato wa Kisii na Nyamira makambi ndiyo kilele cha mwaka. Makanisa hukusanyika uwanjani chini ya maturubai tangu Sabato moja hadi nyingine, kwaya husimama moja baada ya nyingine, na macho hutazama mavazi kabla masikio hayajasikia wimbo. Mwaka huo yalikuwa Kebirigo, na kwaya ya Gladys ilipewa kuongoza ibada ya Sabato ya kufunga.

"Utushonee," Gladys alimwambia. "Tuone hicho chuo kikuu kimetia nini kwenye sindano. Lakini mzee wa kanisa, Haron, anataka pindo liwe vidole vinne chini ya goti. Si vitatu. Mwaka jana alisimama mlangoni na vidole vyake."

Abigael aliwapima wote kumi na wanane kwa mkono wake, na kwa kila mmoja aliweka vidole vinne. Kisha alikwenda Kisii mjini, kwenye duka la Chandrakala, mama wa Kihindi ambaye kwa miaka arobaini amewauzia mafundi wa huko vitambaa kwa jora. Chandrakala alimwamkia kwa Kigusii, "Bwakire," kama anavyowaamkia wote, akamteremshia jora moja la zambarau iliyokolea, laini, lililoanguka mezani kama maji.

"Nzuri, eh? Hii ni rayon. Inakaa mwilini vizuri, haina kelele. Lakini mama yako atakuambia na mimi nakuambia: osha kwanza. Hii ni mwizi. Ukiiweka majini inaondoka na urefu. Usikuje kusema Chandrakala ameuza kitambaa mbaya."

"Siwezi kusema hivyo, Mama Chandrakala. Mimi ni mtoto wa karai."

"Basi vizuri. Hii jora moja haitoshi, nitaagiza ingine Nairobi, nikutumie zote pamoja."

Kitambaa kilichoagizwa kilichelewa. Kilipofika Keumbu ilikuwa Jumatano, na Sabato ya kufungua makambi ilikuwa imebaki siku kumi. Wakati huo Bathsheba hakuwepo. Nyanya alikuwa ameteguka mguu huko Kebirigo, naye alikwenda kumtunza, akamwachia binti yake ufunguo wa kibanda.

Agosti mvua ya Kisii hainyeshi kwa kubahatisha. Asubuhi jua hutoka, saa sita mawingu hujikusanya, na ikifika saa nane mabati hupigwa hadi watu wanaongea kwa ishara. Abigael alikaa mezani akiyatazama majora mawili ya zambarau, meta hamsini na nne. Alihesabu. Waya wa nyuma ungechukua meta kumi kwa wakati mmoja, na jua lilikuwa la nusu siku. Kuosha na kukausha kungemla siku tano au sita, na magauni yalikuwa kumi na manane na mikono ni yake miwili.

Hapo bado hakuwa amekosa. Mtu anaruhusiwa kubanwa. Angeweza kumpigia simu Gladys na kumwambia magauni hayatakuwa tayari kwa Sabato ya kwanza, yatakuwa tayari kwa ya pili. Au, kama hakuweza kuosha chote, angeweza kuosha kipande kimoja cha mraba na kukikausha kwa pasi ya makaa, akajua kinapungua kiasi gani, akakata kila gauni refu kwa kiasi hicho. Kazi hiyo ni ya ndoo moja na muda wa saa mbili. Alijua hivyo. Ndivyo alivyofundishwa, na alipata alama nzuri katika somo hilo.

Aliichukua fomu. Kwenye mstari wa kupungua kwa kitambaa aliandika: asilimia mbili. Alijiambia kwamba jioni atapima kipande, na kama namba itakuwa tofauti ataisahihisha. Akatia sahihi, akaipiga picha kwa simu, akaituma chuoni. Kisha akachukua mkasi.

Jioni hakupima. Mkasi ulikuwa umeshapita kwenye magauni manne, na mtu akishakata manne hataki tena kujua.

Bathsheba alirudi Jumatano iliyofuata. Alisimama mlangoni, akatazama magauni yaliyotundikwa, akashika pindo la moja kati ya vidole viwili kama anayejaribu unga. Alipenda alichokiona. Kiuno kilikaa mahali pake, mshono ulinyooka, kola ilikuwa ndogo na ya heshima.

"Umekuwa fundi," alisema. "Kilioga?"

"Kilioga, Mama."

Bathsheba hakuuliza mara ya pili. Hakuwahi kuwa na sababu ya kumuuliza binti yake kitu mara mbili. Alivuta kiti akaanza kushona vifungo. Gladys alipokuja kuchukua magauni, na kuuliza kama yanaweza kufuliwa bila wasiwasi, ni Bathsheba mwenyewe aliyejibu: "Fua upendavyo. Kimeoga hicho."

Sabato ya kwanza kwaya iling'ara. Lakini walipokuwa wakitoka uwanjani mvua iliwakuta, na tope la Kebirigo likapanda hadi magotini. Jumapili wanawake kumi na wanane, kila mmoja kwake, walifua zambarau zao na kuzianika.

Jumatatu asubuhi Gladys alisimama mlangoni pa kibanda. Alikuwa amevaa gauni lake, na juu yake amejifunga leso kiunoni. Aliifungua leso polepole.

"Abigael, mwanangu. Wewe umesoma. Niambie, mimi nimerefuka ama gauni limefupika? Kwa sababu nina miaka hamsini na minne, na kurefuka niliacha zamani."

Pindo lilikuwa juu ya goti.

Nyuma yake walikuwa wengine sita, kila mmoja na leso yake. Mmoja alisema sasa wataimba wakiwa wamepiga magoti, ili mzee Haron asione. Mwingine akasema hapana, waimbe nyuma ya turubai, wasikike tu kama malaika. Walicheka, maana ndivyo walivyo, lakini kicheko kilikuwa chembamba. Walikuwa wametumia pesa za mboga na za majani chai, na Sabato ya kufunga walikuwa wasimame mbele ya makanisa arobaini.

Bathsheba alichukua futi, akapiga goti moja, akapima gauni la Gladys kutoka begani hadi pindoni. Akalitazama daftari la vipimo. Lilikuwa limepungua kwa sentimita tisa.

"Uliniambia kilioga," alisema, bado akiwa amepiga goti.

Abigael aliwatazama wanawake, akatazama karai la bluu lililosimamishwa ukutani, kavu.

"Hakikuoga, Mama."

Bathsheba aliinuka, akapangusa goti lake, akawageukia wateja wake.

"Mmesikia. Yeye alinidanganya, na mimi niliwaambia maneno yake bila kuangalia. Mtaniletea magauni yote leo. Ijumaa kabla ya jua kutua mtayachukua. Hamtalipa kitu."

Huo ndio ugomvi wote uliokuwapo. Hakumpigia binti yake kelele, wala hakumsimulia mtu. Alimwambia tu: "Nenda kwa Chandrakala. Lete kitambaa cha kuongezea."

Zambarau ilikuwa imekwisha dukani. Chandrakala hakuuliza kilichotokea. Alitazama uso wa msichana, akapanda ngazi mwenyewe, akashuka na pamba ya rangi ya maziwa.

"Hii pia osha," alisema, na Abigael akainamisha kichwa.

Safari hii waliosha. Waliosha Jumatatu ile ile, wakakausha juu ya jiko la nyumbani na kwa pasi ya makaa, zamu kwa zamu. Abigael alichora mraba wake, akaupima kabla na baada, akaandika. Kisha walikata mikanda yenye upana wa shibiri moja, wakaikunja mara mbili na kuishona kwenye kila pindo, na mingine myembamba kwenye mikono, ili ionekane ilikusudiwa. Magauni kumi na manane, siku nne, cherehani moja. Mama akikanyaga, binti alishikiza kwa sindano. Binti akikanyaga, mama alipiga pasi. Waliongea yale ya kazi tu: nipe uzi, geuza, vuta hapa.

Ijumaa jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba wakati gauni la mwisho, la Gladys, lilipokuwa chini ya sindano. Nusu ya pindo ilikuwa imeshashonwa. Bathsheba alitazama nje, akainua mguu wake kutoka kwenye kikanyagio, akakata uzi, na kuifunika cherehani kwa kitambaa chake cheupe, kama anavyoifunika kila Ijumaa Sabato inapoingia.

"Mama, zimebaki dakika kumi tu," Abigael alisema.

"Zimebaki kwa jua. Kwangu zimekwisha."

Gladys alilichukua gauni lake likiwa na pini kumi na moja upande wa kushoto. "Nikiketi mtanisikia," alisema, na kwa mara ya kwanza wiki ile Bathsheba alitabasamu.

Sabato ya kufunga kwaya ilisimama mbele. Zambarau ilishuka, na chini yake ukanda wa rangi ya maziwa ulitembea na wimbo kama povu. Mzee Haron alisimama pembeni akatazama, na vidole vyake vilibaki mfukoni. Ibada ilipokwisha wanawake wa makanisa mengine walimzunguka Gladys wakishika mapindo, wakiuliza ni nani aliyebuni mtindo ule, ni wa Nairobi ama wa wapi. Picha zilipigwa nyingi. Abigael alisimama karibu na nguzo ya turubai akasikia jina lake likitajwa kwa sifa, na kila sifa ilimuuma.

Septemba alirudi chuoni na magauni sita ya kuonyesha, aliyoazimwa na kwaya. Alimweleza mambo yote rafiki yake wa chumbani, Sharon, msichana wa Nyamira aliyekuwa na mradi wa sare za watoto wa shule ya chekechea.

"Sasa wewe shida yako iko wapi?" Sharon aliuliza. "Umekosea, umerekebisha, wamefurahi. Ile fomu nani ataiangalia tena? Kitambaa chenyewe kimekwisha. Hata wakitaka kupima watapima nini?"

"Ndiyo hiyo shida. Hakuna wa kupima."

"Abi, hiyo kazi ni yako. Kila mtu anajua. Nyamaza tu. Si lazima useme uongo, unanyamaza."

Abigael aliendelea kukunjua magauni. Alijua kwamba Sharon alisema kwa mapenzi, na alijua pia kwamba kunyamaza hakukuwa kitu cha pembeni. Sahihi yake ilikuwa kwenye fomu. Akinyamaza, fomu ingeendelea kusema.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Daktari Nyakundi, mkuu wa mradi, mwanamume mwembamba anayevaa tai hata kwenye joto, aliketi mbele na wageni watatu. Mmoja alikuwa mama aliyevaa miwani, kutoka kile kiwanda cha Athi River. Aliinuka kwenye kiti chake akayaendea magauni, akageuza pindo, akatazama mshono kwa ndani.

"Safi sana," alisema. "Huu ukanda ndio umelibeba gauni. Bila huo lingekuwa zambarau tupu. Wazo hili ulilitoa wapi?"

Swali lilikuwa la upole. Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Abigael, maana alikuwa amelifanyia mazoezi njia nzima kutoka Kisii: kwamba zambarau nzito huhitaji mwanga chini yake, kwamba rangi ya maziwa huonekana kutoka mbali uwanjani. Yote yalikuwa kweli. Alimtazama yule mama akiwa bado ameshika pindo kati ya vidole viwili, kama mtu anayejaribu unga, akamwona Bathsheba.

"Si wazo," alisema. "Ni kiraka. Magauni yalifuliwa yakapanda juu ya goti, ndipo tukaongeza. Sikupima kitambaa. Fomu yangu inasema asilimia mbili, na namba hiyo niliiandika kutoka kichwani. Kilipungua kwa asilimia nane. Ningekuwa nimepima, ningejua."

Sharon, mstari wa tatu, alifumba macho. Mgeni aliliacha pindo taratibu, akarudi kuketi, akaandika kitu kifupi kwenye karatasi yake.

Daktari Nyakundi alimwita ofisini mchana ule. Fomu ilikuwa mezani, imechapwa kutoka kwenye ile picha ya simu.

"Unajua kwamba ungenyamaza nisingejua?" alimuuliza.

"Najua, Daktari."

"Basi sikiliza. Nakushukuru kwa kusema, na shukrani yangu haibadilishi kanuni. Fomu yenye kipimo cha kutunga inafuta mradi mzima. Utaurudia pamoja na darasa linalofuata. Nikikuacha wewe kwa sababu umesema vizuri, kesho nitamwacha mwingine kwa sababu analia vizuri, na koti litafika ng'ambo likiwa halimwingii mtu." Aliigeuza fomu kifudifudi. "Yule mama wa kiwandani ameniuliza habari zako. Nimemwambia ukweli. Amesema idara yake ni ya vipimo, na hawezi kuanza na mtu aliyetunga kipimo, hata kama alikiri."

"Yuko sahihi, Daktari."

Wenzake walipomaliza mwaka wa nne, Sharon ndiye aliyechukuliwa Athi River, na mwenzake mmoja. Sharon alikuwa amepima kila kipande cha sare zake, hata mifuko. Alistahili, na Abigael alimsaidia kufunga sanduku. Abigael aliurudia mradi na darasa lililofuata, kwa sare za wauguzi wa zahanati moja, akaosha, akapima, akaandika alichokiona. Alihitimu akiwa nyuma ya wenzake kwa mwaka mmoja. Alipoomba Athi River, hakuna nafasi iliyokuwa imebaki, na kwingine alikoandika hawakujibu.

Leo anashona Keumbu, kwenye kibanda kile kile, na cherehani zimekuwa mbili. Anakata sare za shule na magauni ya harusi, na magauni ya kwaya ya Gladys, ambaye hakuhama fundi. Anawafundisha wasichana wawili wa kutoka Kebirigo, na somo lao la kwanza ni mraba wa sentimita hamsini. Kazi haimpungukii. Wanaomjua husema amesimama vizuri, na hawakosei.

Lakini mtu asiulize kama alisamehewa, maana hilo lilikwisha siku ile ile alipokiri kibandani. Aulize kosa lilimgharimu nini. Lilimgharimu mwaka mmoja wa masomo, ambao baba yake aliulipia kwa majani chai. Lilimgharimu chumba chenye mashine za kupimia na jina mlangoni, kitu alichokitaka tangu alipojua kuwa kipo. Na lilimgharimu hili: Bathsheba hamuulizi tena kama kitambaa kimeoga. Huinuka kwenye kiti chake, huenda hadi kwenye waya nyuma ya kibanda, na kukishika mwenyewe.